Ziwa la Chumvi la Bahi, na Haki ya Aliye Chini ya Mto

Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa wangwa ni kitu gani. Ni ile nchi tupu iliyo nyuma ya mikoko, ambayo maji ya bamvua huifikia siku chache tu katika mwezi, nayo yakisha kupwa huiacha nyeupe kwa chumvi, isiote juu yake ila majani machache yenye kustahimili ukali. Ajua kadhalika ya kwamba mahali hapo, pamoja na chumvi yake yote, hapafi. Bahari yaja mara mbili kila siku, yaingia na kutoka. Huleta samaki wadogo na kamba, na huchukua uchafu na chumvi iliyozidi. Walakini ni wachache wenye khabari kwamba katikati ya bara, kiasi cha kilomita 400 kutoka pwani, na zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, kuna wangwa mwengine mkubwa usioonja bahari hata siku moja. Khabari zake zataka kusomwa kwa makini, kwa kuwa maji yanayoupa uhai wangwa huo yanatakiwa pia na watu wengine, nao haja yao ni ya kweli.

Mahali penyewe ni Bahi, magharibi ya mji wa Dodoma, mwendo wa kilomita 50 na kitu, katika nchi ya Wagogo. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma 1910 na Tabora 1912, yapita karibu yake, na tangu 2007 Bahi ni wilaya yenye kujitegemea ndani ya mkoa wa Dodoma. Abiria asiyelala huona mbuga tambarare isiyo na kilima, kisha mbele yake, upande wa magharibi, ukuta mrefu wa mlima ambao treni huupanda kuelekea Saranda na Manyoni. Ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na juu yake ndipo ulipo mji wa Kilimatinde, ambako Wadachi walijenga boma lao. Zamani za kale ardhi ilipasuka hapo. Upande mmoja ukazama, mwengine ukabaki juu. Na maji, kama ilivyo tabia yake, yakatafuta mahali palipozama.

Wazee wa pwani waliijua nchi hiyo kabla ya reli kuwako. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Ugogo, na kabla ya kuingia Ugogo ilivuka pori la Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa, ambalo jina lake lenyewe latosha kueleza uchungu wa maji yake. Pori hilo lilivukwa kwa tirikeza, yaani kuondoka mchana, kulala njiani pasipo maji, na kuamkia safari alfajiri ili kisima kifikiwe kabla watu hawajazimia. Burton na Speke walipita 1857, Stanley akapita 1871, na misafara ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, ilipita pia. Pande hizo kuna kijiji kiitwacho Chunyo, na mtu aliyezoea kuita chunyu ile chumvi inayomkaukia mwilini baada ya kuoga baharini hatalistaajabia jina hilo. Wasafiri walinung'unika sana kwa ajili ya hongo ya watemi wa Kigogo. Aliyetafakari aliona ya kwamba katika nchi ile maji ni mali kuliko nguo, na mwenye kisima hakosi kuuza.

Sababu ya chumvi ya Bahi si bahari ya kale iliyokauka, kama wengine wanavyodhani. Sababu ni kwamba mto waingia na hautoki. Mto mkubwa wa bonde hilo ni Bubu, ushukao kutoka nyanda za juu za kaskazini, ukapita pande za Kondoa na Farkwa, ukaja kusini hata Bahi. Hapo safari yake hukoma. Hauna njia ya kudumu ya kwenda baharini. Nao, kama mito yote, huchukua chumvi kidogo kidogo iliyoyeyuka katika mawe ya milima, chumvi ambayo ulimi hauihisi. Ukifika Bahi maji hutandaa mbugani, yakawa mapana bila ya kina, na jua likafanya kazi yake. Mvua ya Dodoma kwa mwaka ni kiasi cha milimita 570, nayo karibu yote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Na jua na upepo wa nchi ile vyaweza kukausha maji kiasi cha milimita 2,000 katika mwaka mmoja. Maji huenda juu, chumvi hubaki chini. Hata bwawa lililojengwa na watu huko Hombolo, karibu na mji wa Dodoma, mwaka 1957, maji yake yamekuwa ya chumvi.

Mwenye akili atauliza: ikiwa chumvi yaingia kila mwaka na haitoki, mbona Bahi haikuwa jiwe la chumvi tangu zamani? Jawabu ni kwamba mizani ipo, ila ni nyepesi. Mafuriko makubwa huiyeyusha chumvi iliyokaa juu ya ardhi yakaitawanya. Nyingine huteremka na maji yanayozama katika udongo. Nyingine hupeperushwa na upepo wa kiangazi, na kidogo huchukuliwa na watu na ng'ombe wao. Katika hayo yote, mafuriko ndiyo yenye kazi kubwa. Yafanya Bahi kazi ile ambayo bamvua hulifanyia hori la pwani, isipokuwa bamvua haikosi kuja kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, na mafuriko ya Bubu huja mara moja kwa mwaka, na mwaka mwengine hayaji.

Kwa hiyo mwaka wa Bahi una nyuso mbili. Mvua zikinyesha sawasawa, maji hufunika majani ya mbuga, nayo huwa matamu au hukaribia utamu. Ndipo perege huzaana kwa wingi katika majani yaliyofunikwa. Jike la perege haachi mayai yake ovyo, bali huyabeba kinywani hata yakaanguliwa, na vifaranga wakiona hatari hurudi kinywani mwa mama yao. Kambare huingia katika maji haba ya ukingoni. Ndege wa majini hushuka kwa makundi, na baadhi yao wametoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Wakulima hupanda mpunga katika udongo mweusi wa kandokando, na wavuvi hujenga vibanda vyao karibu na maji, wakakausha samaki wa kupeleka Dodoma na mbali zaidi.

Kisha mvua hukatika. Maji hurudi nyuma siku kwa siku, chumvi huzidi ndani yake, na samaki husongamana katika vidimbwi vilivyosalia. Kambare ana hila aliyojaaliwa: apumua hewa ya juu, na kwa hiyo huweza kuishi katika tope ambalo samaki mwengine hufa. Perege hana hila hiyo. Anayekokota kokoro la macho madogo katika vidimbwi hivyo, akakusanya wakubwa na wadogo pamoja, huchukua mbegu ya mwaka ujao. Na ndiyo maana serikali imelikataza kokoro. Mwaka wa ukame mkali mbuga yote hupasuka, na pale palipopita mtumbwi hupita ng'ombe.

Bahi si peke yake katika nchi za kati. Mjini Singida kuna maziwa mawili ya namna hiyo, Singidani na Kindai, yaliyo karibu sana na nyumba za watu, na huko huonekana heroe, ndege wale wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Heroe mdogo hula vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hustawi katika maji ya magadi ambayo viumbe wengi hawayawezi. Jambo la ajabu ni kwamba heroe wa Afrika ya Mashariki, ambao ni wengi mno, hutaga kwa kawaida mahali pamoja tu, katika Ziwa Natron, kaskazini ya Tanzania; lakini chakula hukitafuta katika maziwa mengi, wakihama usiku kutoka hili kwenda lile kwa kadiri maji yanavyopanda na kushuka. Mtu aliyezoea kuhesabu bandari ataelewa: bandari moja ikizibwa, chombo huelemea nyingine.

Na sasa ile chumvi yenyewe. Wakati wa kiangazi Wagogo, khasa wanawake, hukwangua udongo mweupe wa juu, huutia katika chombo chenye matundu chini, huumiminia maji, na maji yanayochuruzika, yaliyo makali kwa chumvi, huyapika chunguni hata yakakauka. Chumvi hiyo ilikuwa bidhaa yenye sifa katika siku za misafara, na iliuzwa mbali. Ina aibu zake mbili. Ya kwanza, yala kuni nyingi katika nchi isiyo na miti mingi. Ya pili, haina madini joto, ambayo upungufu wake huleta tezi la shingo na kudhuru akili za watoto walio tumboni. Na tangu miaka ya 1990 serikali imeamuru chumvi ya kula itiwe madini hayo. Hata hivyo kwa mwanamke asiye na shamba lenye rutuba, udongo ule mweupe ni akiba ya mwaka wa njaa, na ng'ombe wa Wagogo huenda kuulamba.

Basi udongo huo ni wa nani? Suala hili si geni katika vitabu vya fikihi. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi kwamba Abyad bin Hammal alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ampe chumvi ya Maarib iliyoko Yaman, akapewa. Kisha mmoja wa waliohudhuria akaeleza ya kuwa kitu hicho kipo tayari daima mfano wa maji ya chemchemi, na Mtume akakirudisha kwake. Kutokana na hayo wanachuoni wa madhehebu ya Shafii wamepambanua mambo mawili. Madini yaliyo dhahiri, yanayopatikana juu ya ardhi pasipo kazi ya kuyatoa, hayamilikiwi na mmoja kwa kuyazungushia ua, wala mtawala hampi mtu mmoja akawazuia wengine; na panapokuwa pafinyu, aliyetangulia huchukua kwa kadiri ya haja yake, kisha humpisha mwenziwe. Ama mtu aliyechimba mashimo pwani, akayaingiza maji ya bahari kwa kazi yake mpaka yakawa chumvi, huyo amehuisha ardhi, na shamba la chumvi ni lake. Wenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na ya Gongoni karibu na Malindi wamo katika fungu la pili. Wanawake wa Bahi wamo katika la kwanza, na ardhi wanayoikwangua ni ya wote.

Walakini haki ya kukwangua chumvi na kuvua samaki haina maana pasipo mafuriko, na mafuriko yako mikononi mwa walio juu. Hili ndilo jambo zito katika khabari ya Bahi: ziwa lililo mwisho wa mto haliwezi kuhifadhiwa kwa kulilinda lenyewe tu. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 imekataza kazi za watu zenye kudhuru katika mita 60 za ukingo wa mto au ziwa, na hiyo ni kheri. Lakini linalolidhuru ziwa la namna hii huja kutoka mbali zaidi ya mita 60, wakati mwengine mbali zaidi ya kilomita 100.

Nchi ya Kondoa ni ushahidi. Kondoa ni mji uliojulikana na wafanyabiashara wa pwani tangu karne ya kumi na tisa, na Warangi wa huko wengi wao ni Waislamu. Milima yake ilikatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi, mpaka mvua ikachimba makorongo ambayo nyumba nzima yaweza kuingia ndani yake, na mchanga wake ukashukia mabondeni. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikatolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yakarudi, miti ikachipua, na mito ya mchanga ikapungua upana. Hukumu ya haki itasema pande mbili: ardhi ilipona, na watu waliondokewa na ng'ombe wao kwa amri, wengine wakahamia na mifugo yao katika nchi za jirani na kuelemea malisho ya huko. Baadaye wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini, na jambo hilo lingaliweza kutangulia. Vyovyote iwavyo, kila korongo lililozibwa Kondoa ni tope lisiloshuka kwenda kulijaza ziwa lisilo na kina.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa wingi baada ya 2016, na hesabu ya watu ya 2022 ilionyesha katika jiji hilo zaidi ya watu 700,000. Mji huo kwa muda mrefu umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, navyo havitoshi. Kwa hiyo serikali imepanga kujenga bwawa kubwa Farkwa, katika wilaya ya Chemba, juu ya mto ule ule wa Bubu. Hapana mwenye insafu atakayesema watu wa Dodoma wakae na kiu. Lakini hapana mwenye insafu pia atakayesahau kwamba mwisho wa mto huo kuna wavuvi, wakulima wa mpunga na wakwangua chumvi, nao hawana mto mwengine.

Mfano wa kutisha upo katika nchi za Waislamu. Ziwa Aral, ambalo wanajiografia wa Kiarabu waliliita Ziwa la Khuwarizmi, lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, lenye chumvi kiasi na samaki wengi, likipokea mito miwili mashuhuri, Jaihun na Saihun, na lisilotoa maji popote. Kuanzia miaka ya 1960 watawala wa Kisovieti waliigeuza mito hiyo kumwagilia pamba. Ziwa likapungua, chumvi ikazidi, na kufikia miaka ya 1980 uvuvi wake ulikuwa umekwisha. Majahazi ya chuma ya bandari ya Moynaq yalibaki juu ya mchanga, na upepo ukachukua vumbi la chumvi lililochanganyika na dawa za pamba mpaka katika mashamba na vifua vya watu. Kufikia 2007 lilibaki kama sehemu moja katika kumi ya upana wake wa zamani. Upande wa kaskazini, baada ya boma la Kokaral kukamilika 2005, maji yalipanda tena na samaki wakarudi; upande wa kusini haukupata bahati hiyo.

Bahi ni ndogo mno mbele ya Aral, na bwawa la maji ya kunywa si shamba la pamba. Kanuni ni moja hata hivyo, nayo ilihukumiwa Madina zamani sana. Imo katika Muwatta ya Imam Malik, katika khabari ya mafuriko ya bonde la Mahzur: aliye juu huyazuia maji katika shamba lake hata yafike vifundoni, kisha huyaachia yende kwa aliye chini. Aliye juu ametangulizwa, kwa kuwa maji yapita kwake kwanza; lakini hakupewa mto, amepewa kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania, ya 2009, yafuata njia iyo hiyo, kwa kuamuru kitengwe kiasi cha maji kwa haja za lazima za watu na kwa uhai wa mito na viumbe vyake, kabla ya kugawa yaliyobaki. Maji ya nchi hizo zisizo na njia ya baharini husimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao yake Singida.

Kipimo cha Mahzur kilikuwa vifundo vya miguu, kitu ambacho kila mtu anacho na hapana awezaye kukibishia. Kipimo cha Bubu ni kigumu zaidi. Hapana budi ijulikane ni maji kiasi gani yapitayo Farkwa mwezi wa Februari na kiasi gani mwezi wa Mei, mwaka wa neema na mwaka wa ukame, na ni mangapi kati ya hayo yanayofika Bahi yakiwa na nguvu ya kutandaa mbugani na kuiosha chumvi. Tena si wingi peke yake, bali ni wakati. Maji yakiachiwa kidogo kidogo mwaka mzima huzama mchangani kabla ya kufika, yakaongeza chumvi bila ya kuiosha. Yakiachiwa kwa pamoja wakati wa masika hufanya mafuriko. Na maji yaachiwayo Agosti, mbuga ikiwa imekwisha kupasuka, hayamfai perege aliyeyangoja tangu Januari.